Mjadala: Laini ya simu inatosha kuendeshea ofisi ndogo, au lazima tuvute faiba?

Mleta mada
Wakuu, ofisi nyingi za watu watatu wanne zinategemea ruta ya 4G na bando la mwezi. Wapo wanaosema huo ni ubahatishaji, anayetaka kazi ya uhakika avute faiba. Mimi nasema laini inatosha, ila watu wanaiua wenyewe kwa kuiweka vibaya. Leteni hoja zenye vipimo.

Fundi wa ruta
Nakuunga mkono. Kabla ya kulaumu mtandao, fungua ukurasa wa ruta (mara nyingi 192.168.8.1 au 192.168.1.1) usome RSRP (nguvu ya mawimbi ya mnara) na SINR (usafi wa mawimbi dhidi ya mwingiliano). RSRP ya -85 dBm ni nzuri, ikifika -110 utateseka. SINR ikiwa chini ya 5 dB, hata network ikionekana imejaa kasi haiji, kwa sababu minara ya jirani inaingiliana. Toa ruta kwenye kabati la chuma, ipeleke dirishani upande wa mnara, subiri dakika moja, soma tena. Chini ya bati mawimbi hufifia sana.

Antena ya nje inasaidia, lakini funga waya zote mbili; ukifunga mmoja unapoteza faida ya njia mbili za MIMO (kutumia antena mbili kwa pamoja ili kuongeza kasi). Na usivute waya mwembamba mrefu: mita 10 za RG58 (aina ya waya huo mwembamba) kwenye masafa ya 1800 MHz zinakula dB 7 au zaidi, yaani antena yako imefanya kazi ya bure.

Mtetezi wa faiba
Mkuu, hayo yote ni kweli, ila hayagusi msongamano. Mnara ni wa wote. Mtaa mzima ukiingia mtandaoni jioni, SINR nzuri haikuokoi. Halafu piga hesabu: kikao cha video cha 1.2 Mbps kwenda na 1.2 kurudi kinakula karibu GB 1 kwa saa. Watu watatu, saa mbili kwa siku, ni GB 6 kabla hata Windows haijaanza kujisasisha kimyakimya. Tena laini nyingi zinatumia anwani moja ya IP kwa wateja wengi (CGNAT), kwa hiyo kufikia moja kwa moja kamera au seva ya ofisini ukiwa nje haiwezekani.

Fundi wa ruta
Kwa Windows, weka mtandao huo kuwa "metered" (wenye kikomo cha data) kwenye mipangilio. Masasisho mengi yatasubiri. Kwa kamera, tumia VPN (njia ya siri ndani ya intaneti) inayoanzia ofisini kwenda nje. Na faiba nayo isipambwe: nyaya za baharini za EASSy na Seacom, zinazoleta intaneti Afrika Mashariki, zilipokatika Mei 12, 2024, wa faiba na wa laini waliumia pamoja.

Mdau wa haki za mteja
Mnabishana pembeni. Kinachoumiza ni kifurushi kuitwa "bila kikomo" wakati kasi inashushwa ukifikisha GB fulani. Kwa 512 kbps sauti inapita, ila video ya 1.2 Mbps haipiti. Kiwango hicho cha GB na kasi ya baada yake viandikwe kwenye menyu ya kununulia, pale pale kwenye bei, mteja aone kabla hajabonyeza kukubali.

Mtetezi wa faiba
Hapo tuko pamoja. Na faiba zenye masharti ya matumizi ziandike vilevile.