Waifu ni Mkenya, pasi ya mtegemezi inakaribia kuisha. Naanzia wapi hapa Moshi?

MangiWaPasua

Wakuu habari za humu, naombeni msaada kwa mwenye uzoefu. Niko Moshi, mimi ni Mtanzania, waifu ni Mkenya wa kule Taveta. Ndoa tumefungia huku huku kanisani na cheti tunacho, mtoto mmoja kazaliwa hapa hapa hospitali ya Mawenzi. Waifu anaishi kwa dipendanti pasi ambayo mimi ndo nilimdhamini, sasa inaelekea ukingoni, ile ya kwanza tulifanyiwa na jamaa mmoja wa stationery akatuchaji hela ndefu na mpaka leo sijui email aliyotumia kutufungulia akaunti ni ipi, nikimuuliza ananiambia tulia bosi. Safari hii nataka nifanye mwenyewe.

Sasa mama yangu mzazi anasema tunajisumbua bure, eti avuke tu hapo Holili akanywe chai kwao arudi wamgongee muhuri mpya, mbona wakwe wengine wa Kikenya pale mtaani ndo wanavyoishi, na hii si ni Afrika Mashariki moja jamani.

Kingine, waifu anajua sana kusuka, kapata fremu Majengo anataka afungue saluni. Hiyo pasi inamruhusu? Na pasipoti yake nayo haina muda mrefu imebakiza. Na mtoto je, naye anatakiwa kuwa na pasi? Nitashukuru wakuu, mwenye matusi apite kimya kimya.

ChaliiSakina

Mangi mwambie bi mkubwa kwa heshima zote hiyo ya chai ya Taveta aiache. Muhuri wa pale mpakani ni wa mtu anayetembea, anakuja kusalimia anaondoka. Mkeo hatembei, anaishi, ana mume ana mtoto ana jiko. Yule afisa anafungua pasipoti anaona Holili Holili Holili kurasa nzima, anauliza mama wewe unaishi wapi? Hapo mkeo atajibu nini? Na akishagongewa muhuri wa mgeni wakati alikuwa na pasi ya mtegemezi ndo mmejichanganyia mafaili wenyewe.

Na hiyo Afrika Mashariki moja ni kweli ipo, itifaki ya soko la pamoja ilianza kazi Julai 2010, makao makuu yenyewe tunayo hapa Arusha tunapita pembeni yake kila siku. Lakini haikufuta vibali mzee. Mkenya akitaka kukaa lazima awe na karatasi ya kukaa.

MamaPacha_Njiro

Kaka Mangi pole, nakujibu kwa kirefu kwa sababu mimi upande wangu ni kinyume chako, mimi ndo Mtanzania na mume wangu ndo mgeni, Mjerumani, kwa hiyo haya mambo ya kuhuisha nayajua mpaka nayaota.

Kwanza usisubiri iishe. Miezi miwili kabla uwe umeshaanza, kwa sababu ikipita hata siku chache mkeo anakuwa yupo nchini kinyume cha sheria na hilo ni kosa, haijalishi ana cheti cha ndoa kizuri kiasi gani. Ukiona muda umebana nenda ofisini kabla tarehe haijafika ukaulize habari ya pasi maalum, ile ya muda mfupi inayomkinga mtu wakati jambo lake linashughulikiwa. Neno muhimu hapo ni KABLA.

Pili maombi siku hizi yanaanzia mtandaoni, tovuti ya Uhamiaji ni immigration.go.tz, angalia vizuri iishie .go.tz maana kuna vitovuti vya ajabu vinafanana nayo vinakula hela za watu. Fungua akaunti kwa email YAKO na namba ya simu YAKO. Hili nakusisitiza kwa sababu ya huyo jamaa wa stationery. Ujumbe ukija kwamba kuna karatasi haisomeki, unaingia kwenye email ya kishoka, kishoka hana shida na wewe, siku zinaenda. Kwa akili yangu hilo ndo balaa kubwa kuliko hata hela aliyowachaji. Malipo yanatoka kwa kontrol namba unalipa benki au kwa simu, mtu akikwambia umtumie kwenye namba yake binafsi kimbia.

Karatasi ni zile zile za kawaida: pasipoti yake, picha, cheti cha ndoa, barua yako wewe mume kwamba unaomba mkeo aendelee kuishi na wewe na utamtunza, kitambulisho chako cha NIDA au kitu kingine cha kuonyesha uraia wako, nakala ya pasi inayoisha. Barua ya serikali ya mtaa kuwa mnaishi pamoja pale Pasua mimi huwa naiweka hata kama hawajaitaja, mwenyekiti anakugongea muhuri siku hiyo hiyo. Skani kwenye skana sio kupiga picha na simu juu ya kitanda, yale maua ya shuka yanaonekana jamani 😂 Na kila ukurasa wa pasipoti wenye muhuri uwemo.

Kitu watu wanapuuzia ni majina. Cheti cha ndoa kikisema Mary Wanjala na pasipoti ikisema Mary Wanjala Mwakio, tayari ni swali. Kaa na mkeo mezani mlinganishe herufi kwa herufi kabla hamjatuma.

Mtoto muacheni, huyo ni raia kupitia kwako. Mkatie tu cheti cha kuzaliwa cha RITA kama bado. Na kwa mama yake Kenya pia wanamhesabu wao, akishakuwa mtu mzima ndo atatakiwa achague.

MekuOldMoshi

Mimi nimekuja kusalimia tu. Zamani mtu akishatoa mbege na mbuzi kwa wakwe huyo mke ni wa ukoo, nani amuulize pasi, na huko Taveta na Rombo watu ni ndugu tangu mababu, huo mpaka wa nchi umepigwa katikati ya mashamba yao. Shangazi zangu wameolewa huko na hawajawahi kugongewa kitu. Ila siku hizi fuateni sheria vijana, kijana wangu mmoja ndoa yao ilikuwa ya mahari tu bila cheti, alipofika dirishani hakuna alichoweza kuonyesha, picha za sherehe na ndafu mezani wakamrudishia.

Karani_Mstaafu

Suala la saluni ndo limenifanya niingie maana naona wamelikwepa. Kijana, pasi ya mtegemezi ni ya kukaa, si ya kufanya kazi. Maana yake mtu anategemea wewe. Mgeni akitaka kufanya kazi kuna sheria ya ajira za wasio raia ya 2015, anaanza na kibali cha kazi kwa Kamishna wa Kazi halafu ndo kibali cha ukaazi daraja B huko Uhamiaji, ni vitu viwili tofauti na ofisi mbili tofauti.

Lakini kwa saluni ni pagumu zaidi. Julai 2025 ilitoka amri ya Wizara ya Viwanda na Biashara inayokataza wasio raia kufanya biashara 15, na saluni imo, labda iwe ndani ya hoteli au kwa ajili ya utalii. Zimo pia uwakala wa pesa kwa simu, ufundi simu, kuongoza watalii na nyinginezo. Faini kwa mgeni haipungui milioni 10 au kifungo kisichozidi miezi 6, na vibali vyake vinafutwa. Halafu sikiliza hii, Mtanzania anayemsaidia mgeni naye ana adhabu yake, milioni 5 au miezi 3. Kwa hiyo ule ujanja wa leseni iandikwe jina lako halafu yeye ndo anaendesha, hapo mmeunguza pasi yake na wewe mwenyewe umo. Wakenya walilalamika sana ilipotoka, kwamba inapingana na soko la pamoja, lakini mkeo asiende kukodi fremu kwa kutegemea malalamiko.

Hata huo usukaji wa nyumbani, mteja mmoja akikosana naye bei anajua pa kwenda kusema.

MangiWaPasua

Asanteni sana wakuu, dada MamaPacha Mungu akubariki. Karani hapo kwenye saluni umenikata maini, mwenye fremu tayari nimempa advansi 😭. Sasa njia yoyote ya yeye kufanya kazi yake kihalali ipo? Maana ni fundi kweli, sio mtu wa kukaa nyumbani kuangalia tamthilia.

Karani_Mstaafu

Ipo, uraia. Sheria ya Uraia ya 1995 inampa mwanamke aliyeolewa na Mtanzania haki ya kuomba uraia kupitia ndoa, mume akiwa hai. Akishakuwa raia anafungua saluni hata kumi. Shida ni kwamba Tanzania haina uraia pacha kwa mtu mzima, ataukana wa Kenya. Sasa kwa Kenya, katiba yao ya 2010 inamruhusu mzaliwa aliyewahi kupoteza uraia kuuomba tena, kwa hiyo mlango wa kwao haufungwi kabisa, ila akiurudisha huo huku ameshavunja sheria yetu. Hilo ni la kuongea na wakwe pia, usilipeleke kama taarifa.

MamaPacha_Njiro

Na hiyo ni kwa mwanamke TU. Mume wangu mimi hana hiyo njia, kuoa Mtanzania hakumpi chochote, yeye anahesabiwa miaka kama mgeni mwingine yeyote, na nimeshalia na hili mpaka basi. Kwa hiyo Mangi mkeo ana bahati, atafakari.

MangiWaPasua

Nimemsomea hapa, kasema uraia atafikiria lakini anataka kuongea na baba yake kwanza. Mwenye fremu naenda kumuona kesho nikiwa mpole. Kilichobaki ni pasipoti, je nianze nayo au nitume maombi hivyo hivyo?

ChaliiSakina

Pasipoti kwanza mkuu, wanataka iwe na uhai wa kutosha, ukituma na hii unajitafutia kurudishwa. Ajaze maombi kwenye eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, akiwa hapo hapo Moshi, alama za vidole akatoe Mombasa, anapanda gari Taveta anapita Voi anashuka. Avuke mapema wakati pasi ya sasa bado iko hai ili kurudi isiwe kesi, na akipata mpya asiitupe ya zamani, pasi ya sasa imo humo. Na mtoto akienda naye beba cheti cha kuzaliwa, pale mpakani lazima waulize wa nani.

MekuOldMoshi

Na mwambie mwenye fremu nina mjukuu anatafuta pa kuuzia nguo, nitumie namba inbox.