Fedha za ubunifu wa kufundisha kidijitali vyuoni: zinafika Mei, zinatakiwa ziishe Juni, na wanafunzi wetu wamebaki chini ya mwembe

Wakuu, naandika kutoka Tabora, saa nne usiku, na nina hasira. Wasimamizi, naomba uzi huu msiuunganishe na zile nyuzi za mikopo ya wanafunzi. Hili ni jambo jingine.

Mimi ni mhadhiri msaidizi kwenye tawi la chuo kimoja huku kanda ya magharibi. Chuo sikitaji, na mfuko uliotoa fedha siutaji, kwa sababu nikiwataja atatafutwa mtu mmoja wa kutolewa kafara, halafu utaratibu utabaki vilevile. Kinachoniuma ni utaratibu.

Leo mchana nimeletewa fomu nisaini kwamba mradi wangu "umekamilika". Mradi huo haujaanza.

Nafundisha takwimu mwaka wa kwanza. Darasa lina wanafunzi 260, ukumbi una viti 180. Wa nyuma hawaoni ubao, wa dirishani hawasikii. Halafu somo tunafundisha kwa Kiingereza, na wengi wao nikiwauliza swali kwa Kiingereza wananyamaza, nikiuliza lilelile kwa Kiswahili mikono inanyooka ukumbi mzima. Kwa hiyo niliposikia kuna fedha za wahadhiri kujaribu njia mpya za kufundisha kidijitali, niliandika andiko wiki hiyohiyo.

Wazo lenyewe ni dogo. Nirekodi masomo 24 ya dakika kumi kumi, nikieleza kwa Kiswahili kile ninachokisema darasani kwa Kiingereza, kila somo na maswali yake ya kujipima. Kisha niyaweke kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo inayoenea kiganjani. Unaiwekea Moodle au Kolibri, programu za kupangia masomo, zote za bure, unaiunganisha na kifaa cha wifi, na mwanafunzi mwenye simu janja akikaa karibu anafungua somo bila bando hata la shilingi mia. Intaneti haihitajiki kabisa. Kwa mtoto anayesubiri boom, ile fedha ya kujikimu ya mkopo, ili anunue bando, tofauti hiyo ni kubwa mno.

Bajeti niliyoomba: milioni 4 na laki 6. Seva mbili (ndizo hizo kompyuta ndogo), betri ya kuzishikilia umeme ukikatika, maikrofoni, malipo ya wanafunzi wawili wa mwaka wa tatu wa kunisaidia kuhariri sauti. Na mstari mmoja muhimu kuliko yote: mwalimu wa muda wa kunishikia kozi moja kwa muhula mmoja, ili mimi nipate nafasi ya kurekodi.

Mstari huo ndio waliokata wa kwanza. Nikaambiwa muda wa mhadhiri tayari unalipwa na mshahara.

Hapo ndipo nilipojua walioandika masharti hawajawahi kurekodi somo hata moja. Dakika kumi za somo zinanila saa tano, sita. Unaandika, unarekodi, unakosea, unarudia, jogoo wa jirani anawika unarudia tena, unahariri, unatunga maswali, unayajibu mwenyewe uone kama yana mantiki. Zidisha mara 24. Mimi nina kozi nne, nasimamia tafiti za wanafunzi, na mitihani ya watu 260 nasahihisha kwa mkono. Muda huo nautoa wapi? Vifaa ndivyo vya bei rahisi kwenye kazi hii. Moodle inatolewa bure tangu 2002, na vyuo vingi vinayo. Ingia humo uone: kozi tupu, au faili moja la miaka mitano iliyopita. Wahadhiri si wavivu. Saa za kuijaza hakuna aliyetaka kuzilipia.

Sasa sikilizeni kalenda. Andiko nililipeleka Septemba. Barua ya kukubaliwa ilikuja Januari. Fedha iliingia akaunti ya chuo wiki ya tatu ya Mei. Mwaka wa fedha unafungwa 30 Juni.

Wiki sita! Na hata hizo sita si zangu. Vifaa havikuwemo kwenye mpango wa ununuzi wa mwaka, ikabidi mpango urekebishwe kwanza, vikao vikae, saini zitoke makao makuu, ndipo viingizwe NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi mtandaoni. Na huo mfumo wa NeST sina ugomvi nao. Tangu uanze 2023 angalau mtu anaona zabuni ilikofikia. Ugomvi wangu ni na anayepeleka fedha Mei huku akijua hatua zote hizo zipo.

Juni 11 nikapigiwa simu na ofisi ya ununuzi. "Dada, hizo kompyuta zako hakuna mzabuni aliyejitokeza. Ila kuna ubao wa kielektroniki wa kugusa, huo unapatikana haraka. Tuuchukue huo, fedha isirudi."

Nikakataa. Nikaeleza kwa barua kwamba ubao wa kugusa ukutani hauwezi kumfikia mwanafunzi asiye na kiti. Barua ikapokelewa, ikagongwa muhuri, na ubao ukanunuliwa. Milioni 3 na laki 9. Uko ukumbi wa mikutano, bado una nailoni yake, na ufunguo wa ukumbi anao mlinzi. Chenji iliyobaki ikarudishwa. Sasa wanataka saini yangu, kwa sababu ripoti ya mfuko inauliza vifaa vingapi vimenunuliwa. Nimeisoma fomu yote mara mbili. Hakuna mahali inapouliza mwanafunzi amejifunza nini.

Na kabla ya hapo kulikuwa na semina. Siku tatu, hotelini, Morogoro. Kutoka tawi letu tulikwenda watatu, na anayefundisha darasani ni mimi peke yangu. Siku mbili nzima tulifundishwa jinsi ya kufungua mkutano wa video. Mkutano wa video! Mwanafunzi wangu wa Kaliua, baba yake mkulima wa tumbaku, anunue bando la saa mbili la video kila siku? Nilinyoosha mkono nikauliza. Mwezeshaji akasema changamoto ya bando "inafahamika". Gharama ya nauli, posho na ukumbi kwa watu wote waliokuwepo ingetosha miradi kama wangu, na si mmoja.

Wala si kwamba nchi hii haijui kufundisha kwa vyombo. Mwaka 1973 kampeni ya elimu ya afya ya Mtu ni Afya ilifikia watu wapatao milioni mbili kwa redio. Ilifanikiwa kwa sababu kila kikundi cha wasikilizaji kilikuwa na kijitabu na kiongozi aliyeandaliwa kabla ya kipindi kuanza kurushwa. Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa sheria ya 1992, na mtu wa Kigoma au Nzega amekuwa akisoma akiwa kwao. Na 2020, vyuo vilipofungwa Machi hadi Juni mosi kwa ajili ya korona, mimi na wenzangu tulifundisha kwa sauti za WhatsApp kwa bando letu wenyewe. Tulivyorudi madarasani hakuna aliyetuuliza nini kilifanya kazi.

Tena fedha nyingine za elimu ya juu ni deni letu. Mradi wa HEET wa mwaka 2021, wa kuboresha elimu ya juu, ni mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425. Sisemi umeliwa, na fedha yangu haikutoka huko. Majengo yanahitajika, kampasi mpya ya Muhimbili kule Kigoma imo humo, na watu wa Kigoma wana haki nayo. Ninachosema ni kwamba fedha ya jengo ina wahandisi, ina ratiba, ina mtu anayeulizwa. Hii ndogo ya mwalimu kujaribu jambo darasani inaletwa mwisho wa mwaka kama makombo, halafu inadaiwa risiti kama ya jengo.

Mwaka huu sikusubiri. Nilichukua laptop yangu ya zamani nikaigeuza seva, nikarekodi masomo manne usiku nyumbani, na Jumamosi nne mfululizo nikakaa nayo chini ya mwembe ulio nyuma ya ofisi zetu. Jumamosi ya kwanza walikuja kumi na tano. Ya nne sikuweza kuwahesabu, kifaa cha wifi kikazidiwa, ikabidi wapokezane. Jumatatu binti mmoja ambaye muhula mzima sikuwahi kusikia sauti yake akanifuata mlangoni: "Madamu, pale dakika ya sita, kwa nini umegawa kwa n kutoa 1 na siyo n?"

Alikuwa anauliza fomula ya kupima namba za sampuli zimetawanyika kiasi gani. Wenye kufundisha takwimu mnajua uzito wa swali hilo. Kuna watu wanamaliza shahada hawajawahi kuliuliza. Nilikaa naye nusu saa.

Laptop hiyo ilikufa mwezi Mei. Wiki ileile fedha ilipoingia akaunti ya chuo.

Ninachotaka kiko wazi. Leteni milioni moja Oktoba, muhula unapoanza, kuliko milioni tano Mei. Iruhusuni ivuke mwaka wa fedha kwa sababu muhula unavuka. Vitu vya laki mbili tatu mwalimu apewe kama masurufu, arejeshe risiti, asiposhika utaratibu akatwe mshahara, tutakubali. Lipeni saa za mwalimu. Na likijaribiwa jambo likashindikana, ripoti ikubali kuandikwa "limeshindikana, sababu hizi hapa", badala ya kunilazimisha nisaini ubao wenye nailoni. Pia fomu ya kupanda cheo: makala ya jarida yana pointi, masomo 24 ya kurekodi kwenye fomu yetu hayana hata mstari wa kuandikia. Mwenzangu mmoja mwenye kipawa kikubwa cha kufundisha ameacha kabisa mambo haya, anaandika makala tu. Simlaumu, ana watoto.

NYONGEZA: Kuna mkuu hapo chini anasema nisaini tu nisijiharibie kazi. Nimekuelewa na najua unanitakia mema. Fomu iko mezani, nimeandika kwa kalamu nyekundu juu yake "mradi haujatekelezwa", na kesho asubuhi naipeleka hivyohivyo na nakala ya barua yangu ya Juni.

NYONGEZA 2: Wahadhiri mlioko Kigoma, Mpanda, Shinyanga, Sumbawanga, kama mmewahi kupata fedha za aina hii, msitaje chuo wala mtu. Andikeni mambo mawili tu hapa: ilifika mwezi gani, na ilinunua nini.