Konokono ndani ya jiwe, toka Uvira: ni wa bahari?

Mwalimu wa Kadutu
Jambo wote. Nafundisha biolojia hapa Bukavu. Tulishuka Uvira na wanafunzi, na kupita Kalundu, pembeni ya maji, tukaokota mawe meupe yaliyojaa konokono. Jiwe moja liko hapa mezani. Konokono mkubwa ana karibu sentimita 5, laini, tumbo limevimba. Wadogo wana matuta yanayokatana. Ukipitisha kidole yanakwaruza kama tupa. Nilidondosha ndimu, jiwe likatoa povu. Wanafunzi wanashikilia kwamba bahari ilifika huku. Niwajibu nini?

Yaya wa Kalundu
Mwalimu, karibu tena Uvira. Huyo mkubwa ni Neothauma tanganyicense, ambaye leo anaishi Ziwa Tanganyika peke yake. Wavuvi wetu wanamjua, makombe yake yanapanda na nyavu, na kuna samaki wadogo wanaotagia ndani yake. Wenye matuta ni Lavigeria. Wote ni wa ziwa. Povu linaonyesha chokaa tu, na maji ya ziwa hili yana chokaa ya kutosha kugandisha makombe na mchanga hadi yawe jiwe.

Ila wanafunzi wako usiwacheke. Mwanabiolojia Mwingereza J. E. S. Moore alifika ziwa hili 1896, akaona konokono wenye miiba na matuta kama wa baharini, tena meduza, wanyama laini wenye umbo la mwavuli, wakiogelea katika maji baridi, akaamini Tanganyika ni kipande cha bahari ya kale. Kumbe ziwa lilitokana na ardhi kupasuka, miaka kama milioni 9 hadi 12 iliyopita, na konokono walipata sura hiyo humo humo. Kuna kaa wanaovunja makombe kwa magando yao. Kombe nene lenye matuta linawashinda.

Binti wa Lubumbashi
Mwalimu, waambie watafute wale wasioonekana. Matumbawe, viti vya pweza (nyota za bahari), na jamaa ya pweza na ngisi: hakuna hata mmoja anayeishi maji baridi. Jiwe la bahari lingeweza kuwaonyesha kipande cha mmojawapo. Pasueni moja mbele ya darasa, muangalie kwa lenzi.

Mwalimu wa Kadutu
Asanteni sana, Yaya na dada. Tumepasua: Neothauma na Lavigeria tu, na mchanga.

Yaya wa Kalundu
Vizuri. Yaliyobaki andika juu yake mahali na umbali toka majini, usiyaoshe kwa siki. Ukishuka tena, yapitishe CRH, kituo cha hidrobiolojia hapa Uvira.