Vifaranga wa klauni wanakufa wote, nipo Mwanza. Msaada wakuu

Kijana wa Igoma
Wakuu, habari za jioni. Nina tenki la maji ya chumvi sebuleni, na ndani yake jozi ya samaki klauni wa pwani yetu, Amphiprion allardi, wale wenye mistari miwili myeupe. Wanataga vizuri juu ya kigae. Dume hayaachi mayai, anayapepea kwa mapezi mpaka macho ya fedha yanaonekana ndani, na baada ya wiki na kidogo yanaanguliwa usiku nikishazima taa.

Shida ni vifaranga. Siku ya kwanza wanaogelea vizuri, halafu wanapungua kidogo kidogo, wiki haiishi wamekwisha. Nawapa artemia (vile vikamba vidogo sana vya maji ya chumvi) iliyototolewa siku hiyo hiyo, ileile tunayowapa vifaranga wa kambale kazini, na kambale wanaifagia yote. Chumvi napima, gramu 35 kwa lita. Je, ni klorini ya bomba? Au nichote maji ya kijani kwenye bwawa la sato?

Capripoint_1
Mkuu, maji ya bomba yaache kwenye ndoo na pampu ya hewa kuanzia leo mpaka kesho, klorini itatoka. Halafu hiyo chumvi ya dukani ni ghali mno. Kwa nini usitumie ya Uvinza?

Mama Pasiansi
Mwanangu wa Igoma, pole sana. Ingekuwa klorini usingewaona wakiogelea vizuri siku ya kwanza. Tatizo ni mdomo. Kifaranga wa klauni anaanguliwa akiwa na milimita tatu au nne tu, na kiini alichobakiza ni kidogo sana, kwa hiyo kesho yake lazima awe anakula. Artemia, hata iliyotoka kwenye gamba sasa hivi, inakaribia nusu milimita. Kambale anaimeza. Huyu wako haimwingii, anakufa njaa chakula kikimpita mbele ya macho.

Anayemfaa ni rotifa wa maji ya chumvi, Brachionus plicatilis, kijidudu kidogo kuliko artemia. Na usingoje mayai ndipo umtafute. Rotifa awe tayari ndooni kabla jozi haijataga. Weka ndoo mbili, maana umeme ukikatika usiku moja inaweza kuharibika yote. Wanazaliana vizuri chumvi ikiwa gramu 20 hadi 25 kwa lita. Walishe mwani wa Nannochloropsis. Utasikia watu wanasema hamira inatosha, na kweli kwa hamira wanaongezeka, lakini hamira haina yale mafuta ya omega-3 ambayo kifaranga wa baharini anayahitaji. Anashiba rotifa wa hamira, unamwona mzima kabisa, halafu mistari inapotaka kutokea, siku ya nane, ya kumi, wanaanguka kwa mkupuo. Hilo linauma kuliko kuwapoteza mapema.

Maji ya bwawa la sato usiyaguse. Mwani na rotifa waliomo ni wa maji baridi. Kwenye chumvi ya bahari wanakufa, wanaoza, sumu ya amonia inapanda na kuwadhuru vifaranga wako.

Tenki lao liwe dogo, pande zote zibandike karatasi nyeusi, taa hafifu itoke juu tu. Wanafuata mwanga, na pande zikiwa na mwanga wanagonga vichwa kwenye kioo mpaka wanakufa. Maji yatoke tenki la wazazi, hewa iwe ya mapovu machache, na uyatie mwani mpaka yawe kijani chepesi ili rotifa nao waendelee kula humo humo. Artemia yako utaanza kuichanganya kama siku ya tano, kidogo, huku rotifa bado wapo.

Ndugu wa Capripoint, ya Uvinza naitumia kila mara kwenye chupa ya kutotoleshea artemia na inafanya kazi vizuri. Lakini kwa samaki wenyewe haifai. Maji ya bahari yana magnesi, kalsiamu na potasiamu, si chumvi ya chakula peke yake.

Nakuhimiza usikate tamaa kijana wangu. Sisi wa ziwa hili tulikuwa na furu wa aina mamia, na sangara alipoongezeka miaka ya 1980 wengi wao wakapotea. Baadhi wanaishi hadi leo kwenye matenki ya Marekani na Ulaya kwa sababu kuna watu waliojua kulea vifaranga. Ujuzi huu nautamani sana uwe kwetu, hata kama unauanzia kwa samaki wa bahari.

Raskazone
Naongezea kutoka Tanga. Ukitaka samaki wa chumvi anayekula artemia tangu siku ya kwanza, tafuta kadinali wa Banggai, asili yake Indonesia. Analea mdomoni kama furu, ila kwake anayebeba ni dume, na watoto wanatoka wakubwa. Nunua waliozalishwa matenkini, wa porini wamepungua sana.

Kijana wa Igoma
Asanteni sana. Mama, dume ameanza kusafisha kigae tangu asubuhi. Nitafute rotifa haraka nikiwahi?

Mama Pasiansi
Hutawawahi hawa, ndoo ya rotifa haijai kwa siku mbili tatu. Waache watage. Jozi iliyotulia inataga tena baada ya wiki mbili hivi; lenga mtago huo. Kesho anza na mwani.