Miji ipi ya Ulaya kwa mwanafunzi mwenye siku 3 na euro 150?

Mwanamuhula

Wakuu, salaam. Nisaidieni kuchagua. Nipo Dresden kwa mihula 2, Oktoba hadi Julai. Nina pasipoti ya Tanzania na kadi ya kibali cha ukaazi cha Ujerumani. Umri miaka 25, natimiza 26 mwezi Machi. Bajeti ni kama euro 150 kwa safari ya siku 3, nauli na malazi humo humo, na sitaweza zaidi ya safari 4 au 5. Orodha nyingi zinataja Paris, Roma, Amsterdam na Barcelona bila kusema lolote kwa mtu mwenye pasipoti kama yetu. Mngeanza na mji upi? Na London inawezekana kwa kibali hiki?

KaratasiKwanza

London haiwezekani, mkuu. Uingereza ipo nje ya Schengen (nchi za Ulaya zinazotumia viza moja), Ireland vilevile, na kila moja ina viza yake. Ndani ya Schengen kibali chako kinakupa siku 90 katika kila kipindi cha siku 180. Siku unazokaa Ujerumani hazimo kwenye hesabu hiyo. Zinazohesabiwa ni za nchi nyingine, na siku ya kuingia na ya kutoka zote zimo. Kwa safari 5 fupi hutafika hata robo.

Shida huwaangukia watu mwishoni mwa kibali. Ukiomba kuongezewa muda, ofisi ya wageni inaweza kukupa karatasi ya muda iitwayo Fiktionsbescheinigung. Karatasi hiyo peke yake haikupi ruhusa ya kutembelea nchi nyingine za Schengen. Italia nayo ina risiti ya posta ya aina hiyo, na kosa ni lilelile: mtu anakata tiketi akidhani risiti ni kibali. Tazama tarehe iliyoandikwa kwenye kadi yako kabla ya kulipia chochote cha baadaye.

Chukua pasipoti na kadi zenyewe. Picha kwenye simu haitoshi. Tangu Septemba 2024 Ujerumani inakagua mipaka yake yote ya nchi kavu, kwa hiyo polisi kupanda basi au treni usiku ni jambo la kutarajia, hasa wakati wa kurudi. Na kama unapanda ndege ya bei nafuu, soma masharti yake: baadhi ya mashirika hutaka abiria asiye raia wa EU (Umoja wa Ulaya) apitie kwanza dirisha la ukaguzi wa hati, ndipo aende kwenye usalama. Asiyejua hupanga foleni ya usalama, anafika mlangoni, anarudishwa, na ndege inaondoka.

Reli_na_Miguu

Kwa aliyepo Dresden, wa kwanza ni Prague. Treni inachukua muda wa saa mbili na nusu hivi, na mji wa kale unautembea kwa miguu. Tiketi ya karatasi ya metro au tramu lazima uigonge kwenye kimashine cha njano kabla ya kuanza safari. Ya saa 24 unaigonga mara moja tu, ile ya kwanza. Ukiigonga tena mkaguzi anaweza kuikataa. Fedha ni koruna. ATM ikikuuliza kama ikutoze kwa euro, kataa, chagua koruna, kwa sababu kiwango cha mashine ni kibaya kuliko cha benki yako. Ukibadilisha noti kwenye kibanda ukagundua umepunjwa, sheria ya Czech tangu 2019 inakuruhusu kuvunja mabadilishano hayo ndani ya saa 3, ilimradi una risiti na kiasi hakizidi thamani ya euro 1,000. Wengi huondoka na hasara yao kwa kutolijua hilo.

Wa pili, Salzburg. Deutschlandticket, tiketi ya mwezi ya treni za mikoa Ujerumani nzima, ambayo tangu Januari 2026 ni euro 63 kwa mwezi (wanafunzi wengi wanayo ya bei nafuu kupitia chuo), inakufikisha hadi stesheni kuu ya Salzburg ingawa ni Austria. Sharti upande treni za mikoa: RE, RB, S-Bahn. Treni za masafa marefu, yaani ICE, IC na EC, hazimo, na ukikutwa humo unahesabiwa huna tiketi. Kutoka Dresden kwa treni za mikoa ni safari ya siku nzima, kwa hiyo lala Munich njiani.

Wa tatu, na huu ndio ninaoupenda kuliko yote, Granada. Panda ndege hadi Málaga, kisha basi la karibu saa 2. Alhambra, ambayo jina lake ni la Kiarabu lenye maana ya "nyekundu", ilikuwa makao ya watawala wa mwisho wa Kiislamu wa Hispania hadi 1492. Ukisimama kwenye ua wake wa simba, maji yanapita katikati ya marumaru na kuta zimejaa maandishi tangu chini hadi juu. Hakuna mji mwingine Ulaya utakaokupa hivyo. Tiketi inaandikwa jina na namba ya hati yako, na Majumba ya Nasrid, yaani ya watawala hao, yana saa yake kamili. Ukichelewa saa hiyo, sehemu nyingine utaingia, majumba hayo basi tena. Euro 150 zitabana hapa, hivyo nenda nje ya msimu.

Baraste

Nakubaliana na Prague na Granada, ila mwenzangu ameruka jambo moja: Machi yako. Ipange miji kwa kufuata haki zitakazokwisha ukitimiza 26.

Ufaransa, sehemu nyingi, inaangalia unaishi wapi. Louvre ni bure kwa aliye chini ya miaka 26 anayeishi nchi za EEA (EU pamoja na Norway, Iceland na Liechtenstein), na Versailles ni bure kwa aliye chini ya 26 anayeishi EU. Onyesha kadi yako ya kibali mlangoni. Kwa hiyo Paris kabla ya Machi, na usiisogeze. Weka nafasi ya saa mtandaoni hata kama ni bure. Louvre hufungwa Jumanne, Versailles Jumatatu. Epuka "Paris" Beauvais kama huna muda: ni kilomita 85 hivi kutoka mjini, na nauli ya basi inakula unafuu wa ndege.

Italia ni kinyume chake. Ile bei ya euro 2 kwenye makumbusho ya serikali kwa vijana wa miaka 18 hadi 25 ni ya raia wa EU, kibali hakisaidii. Jengo la Bunge la Budapest, Hungaria, nalo linatoa punguzo la kiingilio kwa uraia. Basi Roma au Florence ziwekee Jumapili ya kwanza ya mwezi, ambapo makumbusho ya serikali ni bure kwa wote, ufike kabla milango haijafunguliwa. Hiyo haina umri, inaweza kungoja Aprili.

Mwanamuhula

Asanteni sana. Basi Prague Novemba, Paris Januari, Granada Februari, Roma Aprili. Pasi ya Interrail, ile tiketi moja ya treni za nchi nyingi, itanifaa?

Reli_na_Miguu

Kwa mpango huo, hapana. Unayo haki ya Interrail kwa sababu unaishi Ulaya (Eurail ni ya wasioishi), na bei ya vijana inafika hadi miaka 27, lakini ndani ya Ujerumani inakupa safari 2 tu, ya kutoka na ya kurudi. TGV, treni ya kasi ya Ufaransa, kwenda Paris inadai nafasi ya kulipia juu ya pasi. Pasi inalipa ukiunganisha miji mingi kwa mfululizo, mfano Vienna, Ljubljana na Zagreb wakati wa likizo.

Baraste

Novemba Prague jua linazama mapema, mwishoni mwa mwezi ni kama saa 10 jioni. Panda treni ya alfajiri, ngome na daraja uvimalize mchana, makumbusho yabaki ya jioni.