Mwisho wa Final Fantasy X bado unaniuma: je, nicheze muendelezo wake au niuache ulivyo?

Nahodha_Mdogo ameuliza:

Ndugu zangu, salaam. Natahadharisha kwanza kwamba nitaueleza mwisho wa Final Fantasy X waziwazi, hivyo ambaye hajaimaliza na ana nia ya kuimaliza asiendelee kusoma.

Gemu hii ilitoka mwaka 2001 kwa ajili ya PlayStation 2, lakini sisi tuliipata miaka kadhaa baadaye, pamoja na mashine iliyokwisha kutumika ambayo mjomba alituletea na memori kadi moja tuliyoitunza kama hati ya shamba. Mdogo wangu wa kiume alikuwa na miaka tisa na Kiingereza hakikuwa kimemkaa, kwa hiyo kila maandishi yaliyotokea chini ya skrini nilimfasiria kwa sauti. Hivyo ndivyo tulivyoizunguka Spira yote, yaani ulimwengu wa gemu hiyo, kuanzia kisiwa cha Besaid hadi magofu ya Zanarkand, mimi nikiwa na padi mkononi na yeye akinihimiza tusonge mbele.

Mnaukumbuka mwisho wenyewe. Lile dubwana Sin limekufa, watu wamekuwa huru baada ya miaka elfu moja ya hofu, na hapo ndipo Yuna, msichana tuliyesafiri naye, anapokimbia kwenye sitaha ya meli ya angani, mikono ameikunjua ili amkumbatie Tidus, kijana niliyekuwa nikimwongoza kwa padi, akapita katikati ya mwili wake kama mtu anayepita kwenye moshi, akaanguka kifudifudi. Anakaa pale chini kwa muda. Anainuka bila kugeuka nyuma, kisha anamwambia kwamba anampenda. Tidus anamkumbatia kwa nyuma kwa mikono ambayo imeshaanza kupitisha mwanga, halafu anampita, anakimbia, na kujirusha mawinguni. Mdogo wangu akaniuliza, "Dada, amekwenda wapi?" Nilitazama chini ya skrini kwa mazoea, nikitafuta la kumfasiria, na hapakuwa na maandishi yoyote.

Sasa mdogo wangu ni mtu mzima anayejitegemea, na mwezi uliopita alininunulia toleo lililoboreshwa ambalo lina gemu hiyo pamoja na muendelezo wake, Final Fantasy X-2 wa mwaka 2003. Anataka tuucheze kwa sababu amesikia kwamba humo Tidus anaweza kurudi. Mimi nasita sana. Nimeuchukua mwisho ule kwa miaka yote hii, asali na shubiri katika kijiko kimoja, na naogopa kwamba akirudi yale machozi yetu yatakuwa yalimwagika bure. Naomba mnisaidie kwa mambo mawili: kwa nini mwisho huu unakaa moyoni kuliko vifo vingine tunavyoviona kwenye gemu, na je, mliocheza muendelezo mlijuta?

Kizimba_cha_Kale amejibu:

Dada Nahodha, pole, na nakuelewa kabisa. Kwa maoni yangu unauma kwa sababu gemu ilikuandaa kwa msiba wa mtu mmoja, kisha ikakuletea jeneza la mwingine.

Kumbuka jinsi safari ile ilivyojengwa. Yuna ni mwitaji, yaani mwenye kuita viumbe vya kiroho vimpiganie, na mwitaji akifika Zanarkand na kutumia wito wa mwisho dhidi ya Sin, hufa. Wenzake wote wanalijua hilo tangu siku ya kwanza isipokuwa Tidus, na kwa kuwa Tidus ndiye aliyeko mkononi mwako, nawe hulijui. Unakuja kulipata kwenye maskani ya watu wa Al Bhed, baada ya kumwahidi msichana yule mambo chungu nzima ya kufanya Sin akishakufa, na ile aibu ya Tidus inakuwa aibu yako. Kuanzia hapo kila pigano unalipigana ili Yuna asife. Mnafika Zanarkand, mnaukataa wito wa mwisho, mnamshinda Yunalesca aliyekuwa akiutoa, na unashusha pumzi kwa sababu unaamini umemwokoa. Kumbe bei haikufutwa, imehamishwa tu. Tidus ni ndoto inayootwa na roho zilizofungiwa ndani ya mawe, na Sin akiondoka roho hizo zinapumzika na ndoto inakoma. Gemu haikutudanganya, maana tuliambiwa pale Mlima Gagazet. Ila mtu aliyeshughulika kumwokoa mgonjwa mmoja hasikii vizuri habari za mwingine.

Jambo la pili linahusu namna Spira inavyozika. Pale Kilika, baada ya Sin kuuvunja mji, Yuna anatembea juu ya maji na kucheza kwa fimbo yake ili kuzisindikiza roho, kwa sababu roho isiyosindikizwa huwaonea wivu walio hai na kugeuka dubwana. Kila maiti katika gemu hii ina njia yake ya kuagwa. Tidus hana. Hakufa, hivyo hapana wa kumsindikiza, hapana kaburi, na hapana matanga ya kuanua. Kwa watu kama sisi, ambao tunajua siku ya tatu watu hukusanyika na siku ya arubaini husomewa dua, msiba usio na siku ya kumalizika ni mzigo usio na pa kuutua.

Na kwa kuwa wewe ulikuwa mfasiri, nikuongezee moja. Katika Kijapani cha asili, pale sitahani Yuna hasemi kwamba anampenda. Anasema asante. Waliotafsiri kwa Kiingereza walibadilisha, na sidhani kama walikosea, lakini mimi hupendelea la asili. Asante ni neno la mtu anayejua kwamba anaaga.

Mwanafunzi_wa_Aprili amejibu:

Naomba nilete mfano wa Persona 3, gemu ya mwaka 2006 iliyotengenezwa upya mwaka 2024 kwa jina la Persona 3 Reload, kwa sababu inalijibu swali lako la pili. Nayo pia nitaueleza mwisho wake.

Unaishi mwaka mzima wa shule, Aprili hadi Machi, siku baada ya siku. Unachagua leo utakula na nani na kesho utasoma na nani, na kila jioni kalenda inasogea. Mhusika wako anautoa uhai wake mwishoni mwa Januari ili kuizuia mauti isiuangukie ulimwengu, ila anajikaza hadi siku ya mahafali, tarehe 5 Machi, kwa sababu wenzake waliahidiana kukutana juu ya paa la shule. Analaza kichwa mapajani mwa Aigis, mmoja wa wenzake, anasikia wenzake wakija mbio, na anafumba macho. Nilipofika pale niliona uchungu wa aina nyingine kabisa, kwa kuwa zile siku nilikuwa nimezitumia mwenyewe, na baadhi nilizipoteza kwa uvivu.

Mwaka 2007 waliongeza sehemu ya kueleza yaliyofuata. Haikumrudisha. Iliwaonyesha wafiwa wakiwa nyumba moja, wakigombana hadi kupigana kwa sababu wamo waliotaka kurudi nyuma wamwokoe, na mwishowe wakakubali kwamba kilichofanyika kimefanyika. Wachezaji wengi hawakuipenda kwa urefu wake na ugumu wa mapigano yake. Mimi niliihitaji. Kwa hiyo, Nahodha, muendelezo haunitishi. Linalonitisha ni muendelezo unaofanya kana kwamba hapakuwa na msiba.

Ganda_la_Kaure amejibu:

Nitatoka kidogo nje ya Spira. NieR: Automata ya mwaka 2017 ina mwisho mmoja ambapo majina ya watengenezaji yanapopita, yenyewe ndiyo yanayokushambulia. Nilishindwa mara nyingi, mpaka wachezaji nisiowajua kutoka nchi nyingine wakaja kunisaidia, nikashinda. Halafu nikaulizwa kama nami niko tayari kumsaidia mtu nisiyemjua, kwa sharti kwamba kila nilichohifadhi kitafutwa. Nilikubali, nikaitazama kazi ya wiki kadhaa ikifutika ukurasa kwa ukurasa. Nililia, lakini nililala vizuri, kwa sababu nilipewa kitu cha kufanya na ule uchungu. Pengine mwisho wa Tidus unakusumbua kwa kuwa ulibaki na padi mkononi na huna tena cha kubonyeza.

Mpiga_Mluzi amejibu:

Mimi ni katika wanaoipenda X-2 kwa dhati, na naomba niitetee. Wengi huikataa kwa sababu inaanza kwa muziki na shangwe, na Yuna amevaa mavazi mengine, ana bastola mbili mahali pa ile fimbo. Wanasema si yeye. Lakini ni miaka miwili imepita. Mwanamke aliyetoka eda akijifunga kanga mpya hatumwambii kwamba amemsahau marehemu. Isitoshe, kinachomtoa Yuna nyumbani ni picha ya mtu anayefanana na Tidus, na msichana huyo huyo anayecheka na wenzake anaivuka Spira nzima kwa ajili ya picha hiyo.

Kuhusu kurudi kwake, hulazimishwi. Upo mwisho ambao harudi, na upo ambao anarudi endapo utafanya yanayotakiwa na kubonyeza kitufe wakati mwafaka. Unaweza kuucheza mpaka mwisho na ukauacha msiba wako ulivyo.

Ila nina swali. Hukutaja gati la mji wa Luca, ambako Yuna anapiga mluzi aliofundishwa na Tidus wa kuitana wakipoteana, na hakuna anayeitika, wala hukutaja kilichopo baada ya majina ya watengenezaji. Je, mlisubiri majina yaishe?

Nahodha_Mdogo amejibu:

Nawashukuru nyote, na Mpiga Mluzi, swali lako limenikosesha usingizi. Gati nalikumbuka. Majina hatukuyasubiri, kwa sababu ilikuwa imekaribia saa mbili usiku na baba alikuwa amesimama mlangoni akingoja taarifa ya habari. Nilizima mashine tukaenda kulala, na tangu hapo sikuwahi kuumaliza tena.

Jana nilimpigia mdogo wangu simu ya video, nikaielekeza kamera kwenye televisheni, tukapigana pigano la mwisho pamoja. Safari hii hakuhitaji mfasiri, lakini aliniomba nifasiri hata hivyo. Yuna alianguka sitahani, Tidus akajirusha, akagonganisha kiganja na baba yake, na majina yakaanza kupita. Tukangoja. Majina yalipoisha skrini ikawa ya buluu, na Tidus alikuwa chini ya maji, amejikunja kama mtoto tumboni. Akafumbua macho, akanyoosha mikono, akaanza kuogelea kwenda juu kwenye mwanga, na gemu ikaishia hapo.

Mdogo wangu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Dada, jibu lilikuwepo siku zote. Baba tu alitaka habari."

Ijumaa anakuja na mkewe. Tutaanza X-2 baada ya chakula cha usiku, na padi atashika yeye.