Tupeane uzoefu: umepimwa, umeambiwa huna malaria, na mwili bado unawaka

Mama Shani (mleta mada)
Wakuu, jana zahanati ya kwetu mama mmoja kagombana na tabibu mpaka foleni nzima ikasimama. Mtoto ana homa, katobolewa kidole, kipimo cha haraka kinasema hakuna malaria. Mama anataka dawa mseto na dripu. Tabibu anamwambia subiri nimsikilize kifua, nimwangalie na masikio. Mama kambeba mwanawe katoka, nasikia kapitia duka la dawa. Limenikaa moyoni. Mtoto wa chini ya miaka 5 hapo hatozwi hela, kapata mtu aliye tayari kuutafuta ugonjwa wenyewe, na bado tunaondoka tukiona tumenyimwa. Nyie mliambiwaje, na mlifanyaje?

Boda wa Mbezi
Yamenikuta. Sitaki hata kukumbuka.

Kaka Mkubwa
Zamani homa ni malaria, unameza dawa, unapona, kesho shamba. Siku hizi vipimo vingi na watu bado wagonjwa. Mimi viungo vikiuma namjua adui yangu, sihitaji kutobolewa kidole.

Tunu wa Tanga
Mleta mada umenirudisha mbali. Mtoto wa mdogo wangu, kamaliza tu kunyonya, alishikwa na homa. Kijijini kwetu kulikuwa na mtu anatundika dripu majumbani. Si daktari, ila watu walimwita daktari. Akamwangalia mtoto kwa macho, akasema "wadudu watatu wa malaria, na maji yamemwishia." Hakupima chochote. Nilipofika nimekuta mtoto kalala mkekani, chupa imening'inizwa kwenye msumari wa dirisha, maji yanateremka mbio. Bibi yake anamshukuru Mungu kwamba mtoto keshawekewa maji. Mimi naangalia mbavu: zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Viganja vyeupe kama karatasi. Halafu degedege ikaanza.

Hapo nyumba ikagawanyika. Mjomba anasema hili si la hospitali, degedege ukiichoma sindano mtoto anakufa, apelekwe kwa mganga wa kienyeji. Bibi analia. Baba mtu yuko baharini, simu haipatikani. Mdogo wangu hasemi neno, kashika miguu ya mwanawe tu. Nikamfunga mtoto kwa kanga, nikaita bodaboda, mjomba akanisusia mpaka leo.

Zahanati hawakutuchelewesha. Walipima, malaria ipo kweli, wakamchoma sindano ya kwanza, wakaandika rufaa, na nesi akapiga simu hospitali ya wilaya kabla hatujatoka mlangoni. Ile simu naiheshimu, maana tulikuta wanatungoja na damu ikaanza kutafutwa palepale. Daktari alipoona mtoto anavyohema aliuliza: amewekewa maji? Kiasi gani? Hakuna aliyeweza kumjibu. Mtoto kapona, sasa yuko darasa la nne. Lakini nikiona chupa imening'inia nyumbani kwa mtu, naingia bila hodi kuuliza nani kaitundika na kwa kipimo gani.

Boda wa Mbezi
Dah. Pole sana dada Tunu.

Kaka Mkubwa
Kwa hiyo dripu imekuwa sumu? Tumetibiwa nazo miaka yote!

Nesi wa Zamu
Hapana, kaka. Wengi tuliipenda dripu kwa sababu ya kwinini. Malaria kali ilitibiwa kwa kwinini iliyopitishwa kwenye dripu, kwa hiyo aliyetundikiwa ndiye aliyeonekana katibiwa. Baadaye watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine kwinini, wengine sindano ya atesuneti. Matokeo ya 2010: kwa kila watoto 100, upande wa kwinini walikufa karibu 11, upande wa atesuneti 8 au 9. Ndiyo maana leo mtoto anachomwa sindano na hamwoni chupa.

Utafiti mwingine, majibu yake 2011, ulihusu watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na kwetu Muheza. Walikuwa na homa kali na damu haizunguki vizuri. Waliomiminiwa maji ya haraka walikufa kati ya 10 na 11 kwa kila 100 ndani ya saa 48, wasiomiminiwa, 7. Hata madaktari hawakulitegemea hilo. Ila shikeni na hili: watoto wa kuharisha hawakuhusishwa. Aliyekaukiwa kwa kuharisha, maji ni haki yake, ya kunywa au ya mshipa.

Kaka Mkubwa
Tafiti, tafiti. Huo huo 2011 watu walifurika Samunge, Loliondo, wakanywa kikombe cha dawa ya mitishamba cha Babu, yule mchungaji mstaafu, kwa shilingi 500. Jirani yangu alipona kisukari.

Laizer wa Ngaramtoni
Jirani yako mmoja. Shangazi yangu alikunywa, akaacha ARV, tukamzika.

Kaka Mkubwa
Usimseme Babu, ni marehemu. Alikuwa mtu wa Mungu.

Laizer wa Ngaramtoni
Simsemi yeye. Namsema aliyemwambia shangazi aache dawa, na hakuwa Babu, alikuwa jirani kama wako.

Mpwa wa Ntinda
Mimi niko Kampala. Huku mwaka 2016 shule za msingi 120 zilijaribiwa, nusu watoto wakafundishwa namna ya kupima madai ya matibabu. Mtihani ulipokuja, waliofundishwa walifaulu 69 kwa kila 100, wasiofundishwa 27. Swali lenyewe mtoto analiweza: waliotumia dawa wamelinganishwa na nani? Kaka Mkubwa, waliokunywa kikombe wasipone umewahesabu?

Kaka Mkubwa
Hao sikuwaona.

Mpwa wa Ntinda
Nami ndicho ninachosema.

Chausiku
Ushauri wangu: usipoteze muda zahanati, nenda hospitali kubwa moja kwa moja.

Nesi wa Zamu
Chausiku, hapana. Dada Tunu angeipita zahanati, ile sindano ya kwanza mtoto angeikosa njiani. Omba barua ya rufaa, uliza wamepima nini, wamempa nini na saa ngapi, viandikwe kwenye kadi.

Boda wa Mbezi
Na usiende peke yako. Nenda na mama mkwe, hakuna foleni itakayomsahau.

Laizer wa Ngaramtoni
Dawa zikikosekana mfuateni mjumbe wa kamati ya kituo, ni wananchi wenzetu wale. Wengi hatuwajui hata kwa sura.

Mama Shani
Nesi, swali. Mtoto kamaliza dozi, homa imeisha, kipimo cha haraka bado kinasema malaria. Arudie dozi?

Nesi wa Zamu
Kipimo kile kinanasa protini ya vimelea, na mara nyingi hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Kama homa imeisha na anakula, hakuna haja ya kurudia dozi. Homa ikirudi, mpeleke, waambie katumia dawa lini, na waombe wapime kwa darubini.

Mama Shani
Asante. Kesho nampitia yule mama, nyumba yao naijua.